Miezi minne: usingizi wa mtoto unapojipanga upya

Mtoto aliyekuwa akilala saa 5 au 6 kwa mkupuo akiwa na wiki 10 anaweza, akikaribia miezi minne, kuanza kuamka kila baada ya saa moja na nusu. Analazwa saa 2 usiku. Saa 3 kasoro robo yuko macho. Ananyonya, analala, saa 5 anaita tena. Kuanzia saa 8 hadi alfajiri hakukaliki. Mchana anasinzia nusu saa na kuamka na kinyongo. Hana homa, anacheka, uzito unapanda. Na kila anayepita nyumbani ana jibu lake: maziwa hayamshibishi, meno yanakuja, mmemzoesha kubebwa, mwanzisheni uji.

Mara nyingi sababu kubwa haimo katika hayo. Kati ya miezi mitatu na mitano ubongo wa mtoto huacha mpangilio wa usingizi wa kichanga na kuanza mpangilio unaofanana na wa mtu mzima. Badiliko hilo ni la kudumu. Ule usingizi wa wiki ya 10 haurudi, na mzazi anayehangaika kuurudisha anajichosha bure. Kazi iliyopo ni kumsaidia mtoto aumudu huu mpya.

Kilichobadilika ndani

Kichanga ana aina mbili tu za usingizi. Katika ule wa hekaheka, macho yanacheza chini ya kope, uso unakunjamana na kukunjuka, anaguna, anatabasamu, mkono unaruka wenyewe, pumzi inakwenda mbio kisha inapoa. Katika ule mtulivu, mwili unalegea na pumzi inakuwa sawasawa. Aina hizi hugawana usingizi wake karibu nusu kwa nusu, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika 50 hadi 60. La kuangalia hapa ni mlango anaoingilia: kichanga huanza na usingizi wa hekaheka. Ndiyo sababu ukimlaza mara tu alipofumba macho anashtuka, lakini ukimsubiri dakika 15 au 20 hadi mkono uning'inie, unamweka chini bila shida. (Mtafiti Eugene Aserinsky alianza kwa kuchungulia macho ya watoto waliolala kabla yeye na Nathaniel Kleitman, huko Chicago, hawajaandika mwaka 1953 kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huenda mbio.)

Kufikia mwezi wa tatu au wa nne, usingizi mtulivu unakuwa umegawanyika katika sehemu nyepesi na nzito. Mtoto sasa anaingilia kwenye usingizi mwepesi, anashuka hadi mzito, anapanda tena, anapitia usingizi wa ndoto (uliokuwa ule wa hekaheka), mzunguko unaisha. Kila mwisho wa mzunguko kuna kuamka kidogo. Watu wazima tunaamka hivyohivyo: tunageuka, tunavuta shuka, asubuhi hatukumbuki chochote.

Tatizo linaanzia kwenye maungio hayo, kati ya mzunguko na mzunguko. Wakati usingizi wake unapata hatua hizi, akili nayo imechangamka: anatambua nyuso, anajua kilichokuwepo na kilichoondoka. Alisinzia mikononi, titi kinywani, huku akitikiswa. Sasa mzunguko umeisha, anachungulia, na hakuna titi, hakuna mikono, kuna godoro tu. Mtu mzima aliyelala kitandani akajikuta amelala sakafuni sebuleni naye asingegeuka tu na kuendelea kulala. Mtoto anaamka kabisa na kuita, na anachoita ni kile kilichokuwepo alipofumba macho.

Lingine linalokomaa wakati huohuo ni saa ya mwili. Kichanga hulala mchana na usiku bila ubaguzi kwa sababu homoni ya melatonini, inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, haijaanza kutoka kwa mpangilio. Mpangilio huo hujitokeza karibu na mwezi wa tatu. Kuanzia hapo usingizi unatawaliwa na nguvu mbili ambazo mtafiti Alexander Borbély alizieleza mwaka 1982: uzito wa usingizi unaojikusanya kadiri mtu anavyokaa macho, na saa ya ndani inayofuata mwanga na giza. Mwanzo wa usiku zote mbili zinasukuma upande mmoja, na usingizi mzito unatawala. Ikifika saa 8 usiku uzito mwingi umeshatumika, kilichobaki ni usingizi mwepesi na wa ndoto. Kwa hiyo mtoto anayelala vizuri hadi saa 6 na kuhangaika kuanzia saa 9 anafuata umbo la kawaida la usiku. Hajaharibika.

Kuamka kwenyewe hakuna mtoto asiyekuwa nako. Mwaka 1979 daktari Thomas Anders alichapisha matokeo ya kurekodi watoto wachanga kwa video usiku, na ilionekana kuwa hata wale ambao wazazi wao walisema hawaamki, waliamka. Tofauti ni kwamba wengine walilia na wengine walirudi kulala wenyewe. Utafiti uliofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watoto wenye afya njema: wakiwa na miezi 6, asilimia 38 walikuwa hawajalala saa 6 mfululizo, na asilimia 57 hawajafikisha saa 8. Wakiwa na mwaka mmoja, asilimia 28 walikuwa bado hawajafikisha saa 6. Watoto hao hawakuonekana kuwa nyuma kwa akili wala kwa mwendo. Takwimu hizi zinafaa kukumbukwa pale jirani anapokwambia wake alilala usiku kucha tangu arobaini.

Kabla ya kulaumu umri

Hakikisha kwanza kwamba si ugonjwa. Mtoto aliye chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Aliye mkubwa zaidi apelekwe kama kilio kinazidi kila anapolazwa chali na ana homa (sikio mara nyingi hujitokeza hivyo), kama anakoroma kila usiku au pumzi inasita, kama matapishi yana rangi ya kijani au yanaruka kwa nguvu, kama anajikuna hadi ngozi inachubuka, kama nepi zenye mkojo zimepungua, au kama uzito umesimama. Usingizi uliobadilika kwa ghafla pamoja na kukataa kunyonya usiusingizie umri.

Mtoto njiti huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi kwa wiki 8 atapitia haya akiwa na miezi kama sita ya kalenda.

Meno ndiyo yanayosingiziwa kuliko yote. Jino la kwanza kwa wengi hutoka karibu na miezi 6, na usumbufu wake ni wa siku chache kuzunguka siku linapochomoza. Haliwezi kueleza wiki tatu za kuamka kila saa.

Njaa ni hoja yenye ukweli ndani yake, na inahitaji kupimwa kwa makini. Mtoto wa miezi minne kuhitaji kunyonya mara moja hadi tatu usiku ni kawaida. Lakini umri huuhuu ndio anaogundua dunia: ananyonya dakika mbili, anasikia sauti, anageuka, titi linamtoka, anacheka na ukuta. Akifanya hivyo siku nzima, maziwa aliyoyakosa mchana anayadai usiku, na kadiri anavyoshiba usiku ndivyo asubuhi anavyokosa hamu. Mduara huo unavunjwa mchana. Mnyonyeshe kila baada ya saa 2 na nusu hadi 3 katika chumba tulivu chenye mwanga hafifu, na umpe mara moja ya ziada jioni. Usiku sikiliza mmezo: mwenye njaa huvuta na kumeza kwa mfululizo dakika kadhaa, anayetafuta usingizi humeza mara mbili tatu kisha anachezeshachezesha chuchu mdomoni. Aliyeamka saa 3 baada ya kunyonya pengine ana njaa kweli. Aliyeamka dakika 40 baada ya kushiba, hapana.

Uji haumsaidii. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, na kuchanganya unga kwenye chupa kunaweza kumpalia mtoto bila kumwongezea usingizi.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku, mchana na usiku pamoja. Tazama upana wa nafasi hiyo: kati ya mtoto mmoja mwenye afya na mwingine kuna tofauti ya saa 4 nzima. Anayelala saa 12 na nusu na kuamka mchangamfu ameshatosheka, hata kama ratiba uliyoikuta mahali inadai 15.

Andika kwa siku tano mfululizo saa alizolala kweli, si saa alizokuwa kitandani, kisha tafuta wastani. Tuseme umepata saa 13 na nusu. Mchana analala 4. Zilizobaki kwa usiku ni 9 na nusu. Sasa kama unamlaza saa 1 jioni na kutarajia aamke saa 1 asubuhi, umempa saa 12 za kitanda kwa usingizi wa saa 9 na nusu. Zile 2 na nusu zilizozidi atazitumia mahali fulani: atagoma kulala jioni, au atakaa macho saa 8 usiku akiongea na dari kwa furaha, au atafungua siku saa 11 alfajiri. Hapo hakuna mbinu ya kubembeleza itakayofua dafu. Chelewesha muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili, au punguza usingizi wa mchana kidogo, hadi hesabu ilingane.

Mchana, mtoto wa umri huu huweza kukaa macho kati ya dakika 75 na 120 kabla ya kuhitaji kulala tena. Muda wa kwanza asubuhi ndio mfupi, wa mwisho jioni ndio mrefu. Vipimo hivi vimetokana na uzoefu zaidi kuliko maabara, kwa hiyo saa ikupe makadirio na uso wa mtoto ukupe jibu. Dalili za mwanzo ni za kimya: anatazama mbali, anaacha kujibu tabasamu, nyusi zinakuwa nyekundunyekundu. Miayo na kufikicha macho hufuata. Akishaanza kujipinda mgongo na kulia, umeshachelewa, na mwili wake umejiamsha kwa homoni za mkazo. Atalala kwa tabu na anaweza kuamka dakika 40 baadaye. Ukimlaza mapema mno napo, atagoma nusu saa au atalala dakika 25 akaamka mchangamfu.

Usingizi wa mchana wa dakika 30 hadi 45 ni kama mzunguko mmoja, basi. Kuunganisha mizunguko ya mchana huja baadaye kuliko ya usiku, kwa wengi baada ya miezi 5 au 6. Kwa sasa mtoto anaweza kuhitaji kulala mara tatu au nne kwa siku, na si vibaya moja ya hizo, hasa ya mchana kati, aipate kifuani au kwenye mbeleko ili iwe ndefu. Ile ya mwisho iwe fupi na iishe kama saa mbili kabla ya kulazwa usiku.

Kumlaza, hatua kwa hatua

Anza asubuhi. Muda wa kuamka usipishane zaidi ya nusu saa kati ya siku na siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na ndani ya dakika chache mtoto aone mwanga wa nje. Mwanga ndio unaoipanga saa ya mwili. Jioni fanya kinyume: saa moja kabla ya kulala punguza taa, zima runinga, teremsha sauti. Taa ya usiku iwe dhaifu, ya rangi ya manjano au nyekundu, ya kukuwezesha tu kuona nepi. Mwanga wa simu mbele ya uso wa mtoto saa 9 usiku unaharibu kazi yote hii.

Kabla ya kulala ziwepo hatua tatu au nne zisizobadilika, zote ndani ya dakika 20 hadi 30: kuoga au kufutwa, kuvalishwa, kunyonya, wimbo mmoja. Kuoga kila siku si lazima. Mpangilio ndio wenye nguvu, kwa kuwa mtoto hana saa ukutani na anajua kinachofuata kwa kilichotangulia. Kosa linalojirudia ni kuweka kunyonya mwisho kabisa, hadi mtoto analala chuchu ikiwa kinywani. Kuisogeza nyuma kwa hatua moja tu, anyonye kisha abeuliwe kisha aimbiwe, kunaanza kutenganisha titi na kile kitendo cha kupotelea usingizini. Kunyonya hadi kulala si dhambi, na kama familia yako inalala vizuri hivyo, acha kama ilivyo. Linakuwa tatizo pale tu mtoto anapolidai kila mwisho wa mzunguko na mama hawezi tena.

Sasa kumweka chini. Unayemtaka ni mtoto aliyetulia, kope nzito, lakini anayejua kuwa anawekwa. Pasha godoro kwa kiganja kama ni baridi. Mshushe ukiwa umemkumbatia karibu na kifua hadi mikono yako iguse godoro. Tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa cha mwisho. Kichwa kikitangulia anahisi anaanguka na kurusha mikono. Mkono mmoja bado uko chini ya kichwa, mwingine uweke juu ya kifua, bila kumkandamiza. Kaa hivyo mpaka uone pumzi imetulia, pengine dakika mbili, pengine tano. Toa mkono wa chini kwanza. Ule wa kifuani punguza uzito wake kidogokidogo kabla ya kuuinua. Akilia, mnyamazishe palepale kwa sauti na kwa kupigapiga taratibu ubavuni. Akizidi, mwinue, atulie, umrudishe kabla hajalala kabisa. Ukijaribu mara tatu na bado anapandisha, mlalishe kwa njia ya zamani na ujaribu kesho. Hakuna kilichoharibika.

Fanya zoezi hili katika usingizi wa kwanza wa usiku tu kwa siku tano hadi saba. Huo ndio wakati uzito wa usingizi uko juu na uvumilivu wako bado upo. Kuanza saa 9 usiku, wote mmechoka na usingizi wake ni mwepesi, ni kujitafutia kushindwa. Usingizi huo wa kwanza ukianza kwenda vizuri, maungio ya mbele huanza kujirekebisha yenyewe kwa watoto wengi; kwa wengine unaongeza usingizi wa kwanza wa asubuhi, kisha unaendelea.

Akiita usiku, usiruke. Kumbuka usingizi wa ndoto una kelele: kuguna, kujinyoosha, kulia mara mbili kwa macho yaliyofumba, hata kufumbua macho sekunde chache. Mzazi mwepesi anamnyanyua mtoto aliyelala na kumwamsha yeye. Subiri dakika moja au mbili ukisikiliza kilio kinaelekea wapi. Kikipanda, anza na msaada mdogo: sauti yako, kisha mkono kifuani, kisha kumnyanyua, kisha titi kama muda wake umefika. Nepi ibadilishwe ikiwa na choo au imelowa hadi kuvuja, vinginevyo iache. Usiongee, usichekeshane naye, usiwashe taa kubwa.

Badilisha jambo moja kwa wakati na ulipe siku nne hadi saba. Wanaobadilisha ratiba, kitanda, na namna ya kunyonyesha kwa usiku mmoja, kisha kuyarudisha yote matatu usiku wa pili, hawatajua kamwe kilichosaidia. Kipindi chenyewe huchukua kwa kawaida wiki mbili hadi sita, na hakiendi kwa mstari ulionyooka.

Kuna njia za kumwacha mtoto alie kwa vipindi vinavyorefushwa kidogokidogo. Kwa mtoto wa miezi minne ni mapema. Wataalamu wengi husubiri angalau miezi 6. Utafiti mdogo wa Australia wa mwaka 2016, uliohusisha watoto 43 wa miezi 6 hadi 16, haukuona madhara katika homoni ya mkazo wala katika uhusiano wa mtoto na mzazi mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo anayechagua njia hiyo wakati huo hamtesi mwanawe, na asiyeichagua naye hajakosea, kwa kuwa njia ya polepole inafika palepale kwa muda mrefu zaidi.

Uchovu usivunje usalama

Miezi miwili hadi minne ndiyo kilele cha vifo vya ghafla vya watoto usingizini, na kwa bahati mbaya ndiyo pia wazazi wanapoanza kujaribu chochote. Uwezo wa mtoto kuamka kwa wepesi ni kinga: pumzi ikizibwa, anaamka na kujinusuru. Ndiyo maana kumlaza kifudifudi "kwa sababu analala zaidi" ni hatari. Analala zaidi kwa kuwa anaamka kwa shida. Kitu chochote kinachouzwa kwa ahadi ya usingizi mzito kwa mtoto wa umri huu kitazame kwa jicho hilo.

Alale chali, kila usingizi, juu ya godoro gumu na bapa lenye shuka iliyokazwa. Pasiwe na mto, blanketi, mwanasesere wala mito ya pembeni. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri alale chumba kimoja na wazazi, kwenye sehemu yake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya kwanza, na unakataza vifuko vya kulalia vilivyotiwa uzito. Nyonyo bandia wakati wa kulala inaruhusiwa na inahusishwa na kupungua kwa vifo hivyo. Ikianguka akiwa amelala, hakuna haja ya kuirudisha.

Kumviringisha kwenye shuka kunakoma siku unapoona dalili za kwanza za kujigeuza, wala usisubiri ajigeuze kweli. Aliyefungwa mikono akajikuta kifudifudi hawezi kujisukuma. Akiweza kujigeuza pande zote mbili mwenyewe, mlaze chali na umwache achague. Mchana mpe muda mwingi wa kukaa kifudifudi akiwa macho, ili ufundi huo mpya aumalizie sakafuni na asiufanyie mazoezi saa 10 usiku.

Dawa za mafua, za mzio na nyingine zinazolewesha usingizi asipewe ili alale. Zinaweza kupunguza pumzi, na kwa baadhi ya watoto hufanya kinyume, wanachangamka usiku kucha. Dawa ya maumivu ni ya maumivu au homa, kwa kipimo cha uzito wake.

Sehemu mbaya kuliko zote za kusinzia na mtoto ni kochi na kiti cha kuegemea. Mama anayenyonyesha saa 9 akihisi kichwa kinadondoka ni afadhali awe kitandani, mito na mablanketi yakiwa mbali na mtoto, kuliko kujikaza kwenye kochi. Na kitandani napo hatari ni kubwa zaidi kama mtoto ana umri chini ya miezi minne, alizaliwa njiti au na uzito mdogo, au kama yeyote kitandani anavuta sigara, amekunywa pombe au dawa ya usingizi.

Kama nyumbani mko wawili, gaweni usiku kwa zamu badala ya wote kuamka kila mara. Mmoja alale kuanzia saa 3 hadi saa 8 bila kuguswa, mwenzake ashike hapo. Baada ya saa 8 mnabadilishana. Anayenyonyesha anaweza kuletewa mtoto, akanyonyesha, na mwenzake akambeua na kumlaza. Saa 4 au 5 zisizokatika humrejesha mtu kuliko 7 zilizokatwakatwa. Aliye peke yake alale mtoto anapolala usingizi wa kwanza wa usiku, vyombo vibaki vilivyo, kwa sababu ndiyo sehemu ndefu kuliko zote na haitajirudia usiku huo.

Mzazi anayeshindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, aliyekosa raha kwa wiki mbili au zaidi, au anayejiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, amepita mahali ambapo ratiba ya usingizi inasaidia. Mawazo ya kudhuru hayasubiri: mtoto apewe mtu mwingine saa hiyohiyo na mzazi afike kituo cha afya. Mengine yasemwe kliniki, kwa mhudumu yuleyule anayempima mtoto uzito. Na usiku ambao kilio kinakupandisha hasira, mlaze chali kitandani mwake, funga mlango, toka nje ya chumba dakika 10. Mtoto aliyelia dakika 10 mahali salama atakuwa mzima. Mtoto aliyetikiswa kwa hasira anaweza kuumia ubongo kwa sekunde chache.